Vipande Vitano kwenye Kadi ya Maj-Britt

Kadi ya Maj-Britt ilisema vipande vitano. Niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, na kwa miaka sita nimekuwa nikisema kwamba ilisema viwili. Nimemwambia hivyo mwajiri wangu, nimemwambia daktari wa meli, nimemwambia Maj-Britt mwenyewe kila aliponiuliza. Na Jumamosi mbili zilizopita nikawaambia ninyi, vijana wangu wa Skärholmen hapa Stockholm, pale ukumbini, mkiwa na sahani za pilau mapajani, mliponiomba niwasimulie jinsi nilivyomwokoa mwanamke wa Kiswidi katika bahari ya Karibi. Mlinipigia makofi. Mmoja wenu alisema kwa Kiswidi kwamba Shangazi Zainabu ni shujaa, mama yake akamwambia aseme kwa Kiswahili, akasema tena. Ile mara ya pili ndiyo iliyonishinda. Pilau niliiacha.

Mwaka huu nimeacha kazi ya kupiga mbizi, na bado sijafika hamsini. Ni kazi inayokustaafisha mapema: daktari anachungulia sikio lako, anatikisa kichwa, umekwisha. Kwa hiyo nina muda wa kuandika, na ninyi mna muda wa kusoma, kwa sababu najua watatu kati yenu mmejiandikisha kwa mafunzo ya mbizi na mnadhani jambo gumu ni kupumua.

Kupumua si kugumu. Jambo gumu ni kusema umekosea ukiwa umevaa kipumulio, na kisha kusema tena ukishakivua.

Nilikuja Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini kusoma fizikia. Nikapata shahada, na kwa shahada hiyo nikapata kazi ya kuosha suti za mpira katika duka la vifaa vya mbizi karibu na Vällingby. Mwenye duka, Lennart, alikuwa mpiga mbizi wa jeshi la maji aliyestaafu, mtu wa rika la baba yangu, na alitaka nimwite Lennart. Wakati ule Waswidi walikuwa wameamua ghafla kwamba kila mtu aitwe kwa jina lake tupu, hata profesa. Mimi nilishindwa. Kwa wiki tatu nilimwita "samahani".

"Unatoka Tanzania," aliniambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea. "Bahari ya joto. Matumbawe. Kwa nini unaosha suti? Nitakufanya mkufunzi."

"Natoka Singida," nikasema.

"Ndiyo, Singida," akaitikia, macho yakimng'aa kama mtu aliyekwisha kuwaona papa wa huko.

Sikumsahihisha. Singida iko katikati ya nchi, na maji niliyoyajua utotoni ni ya ziwa letu lenye chumvi, ambalo tulilitazama kutoka mbali na kuwaachia ndege. Kuogelea nilijifunza kwa siri katika bwawa la Vällingby, asubuhi, pamoja na watoto wa miaka sita. Walinizidi. Kuna mmoja alinishika kidevu ili nisinywe maji, akanitia moyo kwa sauti ya mama yake.

Miezi kumi na moja baadaye Lennart akaniteremsha chini ya barafu. Alinifunga kamba kiunoni akanieleza ishara: vuta mara moja, niko salama, vuta mara nyingi, nitoe. Nikaingia katika lile tundu, maji yakanipenya shingoni, nikapiga kelele ndani ya kipumulio mpaka masikio yangu yakaziba kwa sauti yangu mwenyewe. Mwili wote ulitetemeka, na kamba ikatetemeka nao. Lennart akanitoa. Akanirudisha. Kamba ikatetemeka. Akanitoa. Mara ya nne akaniambia kwa upole, "Zainabu, amua."

Mambo mengi ninayoyajua ni ya Lennart. Tema mate ndani ya miwani kabla ya kuivaa, usione aibu, mate yanazuia ukungu kuliko dawa yoyote ya dukani. Ukishuka, fungua masikio kabla hayajauma. Yakianza kuuma umechelewa. Mtungi wako wa hewa ufungue mwenyewe. Tena, ukiona hatari, kitu cha kwanza ni mkanda wa uzito: vuta bizimu, kile kifungio chake, uache uanguke, maana ule mkanda wenye vipande vya madini ya risasi ndio unaokupeleka chini.

Hilo la mwisho alilifundisha Jumatatu. Jumatano, tukiwa ziwani Mälaren, alilifuta. Chini ya ziwa lile kuna tope laini kama uji. Kitu kikianguka hukioni tena. Wanafunzi wake wakifanya zoezi la kuangusha mkanda, alitukana mpaka bata wakahama. "Atakayeuangusha ataufuata!" alipiga kelele. Wanafunzi walicheka, lakini walisikia. Waswidi ni watu wa kusikia kanuni, na wakipewa kanuni mbili zinazopingana, watashika ile iliyosemwa kwa hasira.

Siku hizi, najua, mafunzo ni ya wikiendi mbili, na fulana zenu za kuelea zinajaa hewa kwa kubonyeza kidude. Sisi tulizijaza kwa mdomo, huku tunazama. Msinionee huruma, nawaeleza tu ili muelewe yaliyofuata.

Kadi zilikuwa ubunifu wangu. Zamani Lennart alimtazama mtu tumboni na kusema, "Wewe vinne." Kila kipande kilikuwa cha kilo mbili. Mimi, mwenye shahada, nikaona ni ushenzi. Nikampima kila mwanafunzi uzito, nikampima akiwa na suti yake nene ya mpira, nikamwelesha bwawani, nikaandika kwenye kadi idadi ya vipande vyake. Duka zima lilizipenda. Lennart mwenyewe aliacha kutazama matumbo ya watu, akawa anasema, "Muulizeni Zainabu, ana kadi."

Ndipo ikaja safari ya Karibi.

Kampuni moja ya meli za matembezi ilitaka kikundi cha wapiga mbizi, na Lennart alikuwa na watu sita wenye vyeti vibichi, wino haujakauka. Akaamua niwaongoze mimi. Nilikuwa mzoefu wa bahari ya joto, si ndiyo? Nilitakiwa kusema hapana. Nilisema lini tunaondoka.

Kati ya wale sita alikuwepo Maj-Britt, mjane mwenye miaka hamsini na kitu, dereva wa treni ya chini ya ardhi. Aliendesha njia ya kijani, Hagsätra kwenda Vällingby na kurudi, na ninyi mnaokaa huko huenda alishawafungia mlango usoni kwa sababu mlichelewa sekunde mbili.

"Miaka yote hii niko chini, gizani," aliniambia siku alipojiandikisha. "Nataka kwenda chini mahali penye mwanga."

Hakuniuliza kama mimi nimewahi kufika mahali hapo.

Kabla ya safari nilikaa mezani na kadi zangu. Maji ya Stockholm, hata yale ya baharini, yana chumvi kidogo sana. Maji ya Karibi yana chumvi nyingi, na chumvi hukusukuma juu. Mtoto wa Singida hafundishwi habari za chumvi. Kwa hiyo, nikaandika kwa fahari, kila mtu aongeze kipande kimoja. Maj-Britt, vinne, sasa vitano. Lennart akazitia kadi saini, akapeleka kwa meli ya mizigo sanduku zima la vipande vyetu vilivyopakwa rangi ya njano, kwa sababu hakuamini risasi ya nchi nyingine.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kwa mtu aliyevaa suti nene, maana mpira ule unaelea kama boya, na uzito wote ule kazi yake ni kuushinda mpira.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za ajabu. Mashua ya kukodi ilitupokea kutoka kwenye meli kubwa ikatupeleka penye mchanga mweupe, mita sita. Watu wangu walikuwa wamezoea Mälaren, ambako humwoni mwenzako akiwa umbali wa mkono, na Lennart aliwafundisha kushikana mikono wasipotezane. Sasa waliona mita thelathini kila upande. Wakaogopa! Wakashikana mikono, watu wazima sita, kati yao daktari wa meno, wakaning'inia kwenye maji angavu kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Samaki taa mkubwa akapita chini yao taratibu, mabawa yake yakipepea, nao wakazidi kukabana.

Mfanyakazi wa mashua, kijana wa kisiwa kile aliyeitwa Desmond, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada," aliniambia kwa Kiingereza chao kinachoimbwa, "hawa umewatoa wapi?"

"Kwenye barafu," nikamjibu.

"Na wewe?"

"Mimi nimezaliwa baharini," nikasema. Nilikuwa nimeizoea kauli hiyo hata kwa watu wasioihitaji. Alinitazama kidogo. Yeye ndiye alikuwa amezaliwa baharini, na nadhani aliona jinsi nilivyokanyaga ngazi.

Siku ya tatu tulikwenda penye ukuta. Jifunzeni neno hilo: mahali ambapo tumbawe linaanza mita nane chini ya mashua, linakwenda kama uwanja, halafu linakatika wima, na baada ya hapo ni buluu tu. Joto lilikuwa kali. Watano walivaa suti zao nene wakitokwa jasho, kwa sababu barua yangu iliwaambia wazilete. Maj-Britt alitoka na nguo ya kuogelea na shati la pamba.

"Ile suti nimeiacha chumbani," alisema. "Nilikuwa nachemka."

Nilimwona. Hilo ndilo nililokataa kulisema miaka yote. Nilimwona hana suti, na nikachukua kadi, nikasoma vitano, nikapanga vipande vitano kwenye mkanda wake, nikauweka kwenye benchi. Kadi ilikuwa yangu, niliipenda, na ilikuwa imekwisha kufikiri kwa niaba yangu.

Desmond alikuwa akiinama karibu na benchi lile. Nikamwita aje anishikie mtungi nivae. Akaja.

Maj-Britt alifunga mkanda, akapiga hatua kutoka nyuma ya mashua kama nilivyomfundisha, mguu mmoja mbele, mkono kwenye miwani. Maji yakafunga. Nilihesabu mpaka tatu nikisubiri kichwa chake kitokeze anipe ishara. Hakikutokeza kitu.

Nikatumbukia. Nilimwona chini yangu, amesimama wima, shati limefura, akishuka kama mtu aliye ndani ya lifti. Alikuwa akinitazama. Alipita ukingo wa tumbawe bila kuligusa, akaingia kwenye buluu.

Nilipiga mapezi kichwa chini. Masikio sikuyafungua, sikumbuki hata kuwa nilikuwa nayo, mpaka la kushoto lilipopasuka, maji baridi yakaingia kichwani, na dunia yote ikazunguka. Nilimshika kifundo cha mguu. Kipimo changu kilionyesha mita thelathini na nane. Mikono yake miwili ilikuwa kiunoni, nikadhani anahangaika na bizimu. Sivyo. Alikuwa ameukumbatia mkanda. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Mkanda ukaanguka, njano, njano, ukapotea kusikokuwa na chini, na sisi tukaanza kupanda, mimi nikimvuta shati asipae kama kizibo na kumpiga kifuani ili atoe pumzi.

Juu, damu ikimtoka puani na sikioni, maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Samahani sana. Nimeupoteza mkanda."

Nilitaka kucheka, meno yakagongana. Joto la nyuzi thelathini, na nilitetemeka kuliko siku ya barafu.

Kwenye zahanati ya meli tulilazwa vitanda viwili vilivyotengwa na pazia. Daktari alikuwa upande wake, nami nilisikia kwa sikio moja akisema huenda hatasikia tena upande wa kulia. Nahodha wa mashua akaingia, kofia mkononi, amesawijika. Alitaka kujua jambo moja. Yule mama alibebeshwa uzito gani, na nani alimbebesha?

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wangu. Mkanda ulikuwa chini ya bahari. Nikamwomba dakika moja nivae. Nilikuwa na kadi tupu, na kalamu, na akili timamu kabisa, kwa sababu ndani ya dakika hiyo nilipiga hesabu sahihi ya mwanamke wa kilo sitini na tano asiye na suti ndani ya maji ya chumvi. Vipande viwili, labda kimoja. Nikaandika viwili. Nikaiga saini ya Lennart.

"Niliweka vilivyoandikwa hapa," nikamwambia. "Kama vilizidi, mtu aliugusa mkanda ulipokuwa kwenye benchi."

Nahodha akaichukua ile kadi, akashuka gatini. Kupitia dirisha la duara nilimwona akizungumza na Desmond. Sikuweza kusikia chochote. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Desmond akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha akaanza kuongea, na nahodha akainua kadi mbele ya uso wake. Baadaye Desmond akachukua mfuko wake kwenye mashua, akaenda zake juani, bega moja limeinama.

Nikashtuka kwamba amekubali. Amekubali nini? Nililala na swali hilo, na kwa kuwa lilinifaa, sikuliuliza tena.

Stockholm walinipokea kwa maua. Lennart alinifanya mkufunzi mkuu. Maj-Britt alipona sikio nusu, akarudi kwenye treni yake, na kila alipopita dukani aliniuliza, bila hasira, kama anayeuliza saa, "Zainabu, kadi yangu ilisema vingapi?"

"Viwili."

"Nilihisi mzito sana."

"Kwa sababu yule kijana aliongeza."

"Alikuwa kijana mwangalifu," alisema kila mara, akaondoka.

Kila majira ya baridi alirudi kule Karibi. Jumatatu baada ya pilau yenu, alikuja nyumbani kwangu Hagsätra, akaweka mezani karatasi yenye namba ya simu ya Desmond. Desmond hakupata kazi kwenye mashua nyingine yoyote; kisiwa ni kidogo, kila nahodha alikuwa na habari za mkanda. Anauza misumari na saruji katika duka la shemeji yake.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Hapana. Nimekuuliza wewe," alisema Maj-Britt. "Miaka sita."

Alipoondoka nilimwita jirani yangu Namuli, nesi kutoka Uganda, mtu aliyekimbia nchi yake na koti moja na hapendi kuzungushwa. Nikamweleza yote, nikamtolea kadi ya zamani, ile ya vitano, kutoka kwenye jalada la vyeti vyangu.

"Hii uliiweka ya nini?" akauliza.

"Sikuweza kuitupa. Ni hati."

"Mama yangu! Mtu anatunza ushahidi wake mwenyewe, tena kwa faili." Aliichungulia, akaigeuza. "Wewe hata uwongo hujui, Zainabu. Wewe uko karani tu. Piga simu."

"Nitasema nini?"

"Nambari. Si wewe uko mtu wa nambari? Msomee hiyo iko hapa."

Ilikuwa alasiri ile ile, jua limejaa jikoni. Niliagiza simu ya nje, nikasubiri, Namuli akichambua maharage pembeni kana kwamba hayupo. Ikalia. Sauti ikapokea, ile ile inayoimba, imekuwa nzito kidogo. Nilijitaja. Nyuma yake nilisikia mtu akipima kitu cha chuma kwenye mizani.

"Dada wa barafu," alisema mwishowe.

"Desmond, nahodha alikuuliza nini siku ile?"

"Aliniuliza kama niliugusa mkanda wa yule mama. Nikamwambia ndiyo."

"Uliugusa?"

"Niliutoa vipande viwili. Yule mama hakuwa na suti, na wewe ulikuwa umemwekea vitano. Nilikuwa natoa cha tatu, ukaniita nikushikie mtungi. Nikabakisha vitatu. Nikamwambia nahodha, nimebakisha vitatu. Akanionyesha kadi yako. Vitatu ni zaidi ya viwili, dada."

Nilishika ukingo wa meza. Mita thelathini na nane. Kwa vitano nisingemfikia. Mwanamke niliyepigiwa makofi kwa kumwokoa alikuwa ameokolewa kabla sijavaa mtungi, na mtu niliyemwita aache.

"Vile viwili vilibaki mfukoni mwangu," aliendelea, taratibu, kama anayezungumza na mteja. "Vya njano. Vinazuia mlango hapa usijifunge. Watu wameniambia nilihesabu vibaya, kwamba kwenye mkanda vilikuwa viwili tu, kwamba niliongeza cha tatu na sikumbuki. Mama yangu ananiuliza mpaka leo. Siku nyingine mimi mwenyewe sina hakika. Kwa hiyo niambie tu. Kadi ya kwanza ilisema vingapi?"

Namuli alikuwa ameacha kuchambua. Kadi ilikuwa mbele yangu, nami nikaisoma kama vile siijui.

"Vitano," nikasema.

Nikamsikia akiuweka mkono kwenye simu, na kwa mbali, akimwambia mtu aliyekuwa naye pale dukani, polepole, "Amesema vitano, mama. Amesema vilikuwa vitano."